Kipande Kilichokuja Mara Mbili

Tukiwa shule ya msingi, mpishi wa uji alitufukuza kwenye foleni, mimi na dada yangu. Sisi ni mapacha. Yeye alitangulia, mimi nikafuata. Mpishi alipouona uso ule ule ukinyoosha kikombe tena, alipiga kelele kwamba mwizi amerudi. Akaninyang'anya kikombe changu, akanyang'anya na cha dada ambaye alikuwa bado hajaonja. Tukarudi darasani na njaa. Sijamsamehe yule mama, na sina mpango huo.

Siku hizi dada ni muuguzi katika kituo cha afya kule Pap Onditi, kwetu Nyakach. Mimi niko Kisumu, kwenye kampuni ndogo inayopeleka intaneti vijijini kwa antena. Picha za eksirei za wagonjwa wake hupita kwenye antena zetu hadi kwa daktari aliye mjini, naye husema nani ameteguka na nani amevunjika. Lakini mvua ikinyesha, picha zilikuwa zinakwama. Mguu unafika hadi gotini, chini yake kijivu kitupu.

"Nyamera, dada yangu, hii picha nimetuma mpaka nimechoka," dada alinipigia siku moja. "Mama wa watu analia hapa. Nimwambie nini?"

Mwenye kampuni, mzee Mwislamu wa hapa hapa mjini, alikuwa na jibu lake. "Nyar Nyakach, binti wa Nyakach, hiyo ni mvua na ziwa. Network ya huku inajulikana. Mwisho wa mwezi tutang'oa hiyo antena tuache kuaibika."

Iking'olewa, wagonjwa wa dada wangebebwa hadi Kisumu na mifupa yao iliyovunjika ili tu picha isomwe. Hilo liliniuma. Lakini kilichonipandisha hasira ni lile neno, "ya huku". Nimelisikia maisha yangu yote. Stima ikipotea, ni ya huku. Maji yakikatika, ni ya huku. Safari hii nilikataa.

Nikaanza kuzichunguza pakiti. Picha ikisafiri hukatwa vipande vyenye namba, ndizo pakiti, na kompyuta inayopokea huviunga upya. Mvua ikinyesha, antena huingiwa na shaka kama kipande kimefika, ikakituma tena. Hakuna ubaya hapo. Mwenye akili angekiacha kile cha pili akaendelea na kazi. Lakini mfumo endeshi wa seva yetu, yaani hiyo kompyuta inayopokea, ambao watu wanautumia dunia nzima, ukiona kipande kile kile mara mbili unadhani umevamiwa, unavitupa vyote viwili na vyote vinavyofuata, hata kile kilichofika salama. Niliisoma mistari ya programu yake nikacheka kwa uchungu. Nilikuwa nimemkuta yule mpishi wa uji. Tena yeye alikosea zaidi, maana mimi si nakala ya mtu.

Nikaandika kiraka cha kuirekebisha, mistari michache tu. Mzee akagoma kukiweka.

"Siwezi kuweka kitu cha mtu mmoja kwenye seva ya wagonjwa. Wenye mfumo wakubali kwanza."

Hapo alikuwa na haki. Nikawatumia wasimamizi wa mfumo, watu wa mbali wanaokagua kila mstari unaoingia. Mmoja akajibu kwa adabu kwamba kwao hakuna hitilafu. Nirekebishe mtandao wangu kwanza.

"Mkaidi hafaidi ila siku ya Idi," mzee akanitania.

Basi nikaweka kompyuta mbili zenye mfumo huo juu ya meza moja, nikaziunganisha kwa waya mfupi. Nikatuma kipande kimoja mara mbili. Vyote vikatupwa. Nikarudia, vikatupwa tena. Nikawaandikia: nimeondoa mvua, nimeondoa ziwa, nimeiondoa Kisumu yenyewe, na hitilafu imebaki. Ni yenu. Nikaambatanisha jaribio lenyewe wajionee kwenye meza zao. Mwishoni nilikuwa nimeandika samahani kwa usumbufu. Nikaifuta.

Kila asubuhi nilifungua barua pepe, nikawatukana kimoyomoyo. Mwezi ulikuwa unakaribia kuisha jibu la yule msimamizi lilipokuja: ameiona hitilafu, kiraka kimekubaliwa. Hakuomba radhi. Mzee alisoma mara mbili, akavua miwani, akaniambia niweke.

Mchana huo mvua ilipiga bati hadi tukawa tunasemeshana kwa kelele. Nikampigia dada atume tena picha ya mguu wa yule mama aliyekuwa akilia. Ukafika wote, hadi vidole.

"Mvua imepungua?" mzee akauliza.

"Sikiliza bati, Mzee. Na Idi ndiyo hii."

Akacheka, akasema antena ibaki. Dada, kwa mazoea ya kutoamini, alikuwa ameshatuma picha ile ile tena.

"Yawa, jamani, nimetuma mara mbili! Nimeharibu?"

"Tuma," nikamwambia. "Hapa hakuna wa kutufukuza."