Kompyuta Iliyomwamkia Mkuu wa Kanda

Siku yangu ya kwanza kazini Handeni, Bwana Mifugo wa Wilaya alinionyesha kitu kilichofunikwa shuka. "Binti, wewe umesomea takwimu. Hii ni kompyuta. Mtaalamu aliyeileta kaondoka. Ukishindwa kuitumia, rudi kwenu Chanika ukauze maandazi."

Ninyi wa simu za kugusa hamtaamini. Ilikuwa kompyuta ya nyumbani: ubongo wote umo ndani ya kibodi, nayo unaichomeka kwenye televisheni. Kando hukaa mashine ya diski, inayosoma na kuhifadhi programu kwenye diski laini, kile kibahasha cheusi ambacho ole wako ukikikunja. Unaiamrisha isome, inakoroma. Unakwenda kunywa chai, unarudi, bado inakoroma. Enzi hizo televisheni huku bara tuliisikia tu, basi wazee walijazana dirishani kutazama sinema. Wakaona herufi. Hawakuondoka ng'o! Walinitazama nikiandika programu mpaka ikaisha.

Programu ile niliipenda kuliko nguo zangu. Unaandika jina la kijiji, inakujibu siku yao ya kuogesha ng'ombe joshoni. Mkuu wa Kanda, mwenye ofisi Korogwe, akasema anakuja kuiona. Ikimpendeza, nathibitishwa kazini. Isipompendeza, maandazi.

Sasa, mhudumu wetu, Mama Zaina, kitu cha thamani kwake hakikai uchi. Kama mlivyoona kwenye redio na makochi ya mama zenu, aliifumia mashine ya diski kitambaa cha maua, akakitia wanga kikakauka kama bati, akaifunika asubuhi ya ujio wa Mkuu huku inafanya kazi. Mashine ile hupumua kwa matundu ya juu. Ilichemka mpaka kichwa kinachosoma diski kikahama mahali pake. Nafunua, nakutana na harufu ya pasi, na gari la Mkuu linapiga honi nje.

"Yarabi, mimi nilitaka ipendeze tu!" alisema Mama Zaina. Nilitamani kumfunika yeye.

Nikaiamrisha isome. Ikakoroma, ikanyamaza. Mkuu keshaingia. Bila diski, nilichokumbuka ni mistari miwili: wa kwanza unaiambia kompyuta iandike SHIKAMOO MKUU, wa pili unairudisha kwenye ule wa kwanza. Nikabonyeza.

"Marahaba," alisema Mkuu, kashtuka kidogo.

Ikaja nyingine. "Marahaba." Nyingine tena, hadi kioo kizima kikajaa. Mtu mzima wa hadhi yake ataiachaje shikamoo bila kuiitikia? "Marahaba, marahaba, mara... Jamani, huyu anachoka lini?"

"Mgosi kafunzwa adabu huyu!" alisema mzee mmoja dirishani, akiiita kompyuta bwana kwa lugha ya kwao.

Mkuu alicheka mpaka akafuta machozi. "Huyu anakwenda nami Korogwe leo hii."

"Na mimi, Mkuu?"

Akanitazama juu mpaka chini. "Wewe tangu niingie hujaniamkia hata mara moja."

Wakaipakia garini, nami nikalia mbele ya watu bila aibu.

Haikupita wiki, simu ikalia kwa Bwana Mifugo. Mkuu kafura: kompyuta haimwamkii tena! Kumbe walipoichomoa umeme, mistari yangu ilifutika, maana hapakuwa na mashine ya diski iliyo nzima ya kuihifadhi. "Imebadilika tabia," alilalamika. "Mleteni yule binti."

Nilipofika Korogwe nilipiga goti mlangoni kabla hata ya kuuliza mashine iko wapi. "Shikamoo, Mkuu."

"Marahaba," akajibu, akainua mkono upesi. "Moja inatosha."

Ofisi ile ndiyo niliyostaafia. Fundi alikitengeneza kichwa cha diski, programu yangu ikasomeka, na vijiji mpaka Mpale vikapata siku zao za josho. Vijana wakiniuliza nilithibitishwaje kazini, nawaambia ni kwa elimu. Elimu ya wapi! Mzee wa watu alishazoea kuamkiwa.