Bi Klorini Mbele ya A, B, C na D

Kazini walimwita Bi Klorini, naye hakuchukia. Kwa miaka kumi na minne alisafisha maji ya mji mzima: anatia shabu matope yazame, anafungulia chujio, anapima klorini. Kisha akaja meneja mpya, kijana wa tai, debe tupu machoni pa Bi Klorini, akatangaza kwamba agusaye kemikali lazima awe amefaulu kemia ya sekondari.

"Na maji unayokunywa tangu utotoni, nani kayasafisha?" Bi Klorini akamuuliza.

"Mama, utaratibu ni utaratibu."

Bi Klorini akajiandikisha kwa mtihani huo kama mtahiniwa wa kujitegemea. Bahati mbaya, bintiye alikuwa anamaliza shule mwaka uleule, na wakapangiwa chumba kimoja. Mlangoni binti akamnong'oneza: "Mama, usibishane na swali. Chagua herufi, songa mbele. Na mle ndani hatujuani."

Bi Klorini akabana magoti chini ya kidawati cha watoto, akafungua karatasi. Swali la tatu liliuliza njia bora ya kuondoa matope laini kwenye maji: kuchemsha, kuchuja, kuanika au kutia chumvi. Akasonya hadi msimamizi akageuka. Kuchuja bila shabu! Aliyetunga hili hajawahi kuzibua chujio hata siku moja. Alijua wanataka B, akawapa B yao, kama mtu anayemtupia mbwa mfupa.

Akanyoosha mkono. "Mwalimu, hili la tatu jibu lake halimo."

"Chagua lililo karibu na ukweli, mama."

"Maji ya kunywa nayo tuyape ukweli wa karibu?"

Darasa likaangua kicheko. Bintiye akainamisha kichwa mpaka paji la uso likagusa dawati. Msimamizi akagonga meza, na Bi Klorini akaendelea kuzungushia herufi huku midomo imembetuka. La tano, upuuzi. La tisa, la kitoto. Kwenye yale ya kukokotoa moli alitoka jasho, lakini hata hapo alijiambia kwamba hakuna aliyewahi kufungua bomba kwa moli. Alipofika la kumi na saba akaona neno klorini mbele ya A, akalizungushia hapohapo. Alimaliza kabla ya wote, akakunja mikono.

Nje, binti akamuuliza: "La kumi na saba umeweka nini?"

"Klorini. Kuna jingine?"

"Mama! Waliuliza gesi *isiyobadilisha* rangi ya litmasi. Ni oksijeni."

Bi Klorini akasimama katikati ya njia. Klorini, gesi iliyomchoma pua miaka yote hiyo, iliyogeuza kila kitambaa chake kuwa cheupe! Uso ukamwiva. "Mtu mwenye akili haulizi kwa kukanusha," akasema, akashika njia ya nyumbani.

Matokeo yalipotoka, binti alipata B, mama C. Ilitosha. Meneja alikitia cheti kwenye faili bila hata kukisoma.

"Hongera, mama. Sasa unaruhusiwa kushika klorini."

"Ahsante, mwanangu," akajibu, kwa upole unaotumika kwa mgonjwa wa akili, akavaa glavu zake. Shinikizo la chujio la pili lilikuwa limepanda tangu asubuhi, dalili kwamba linaziba, na hakuna mwingine aliyekuwa ameligundua.