Chupa Iliyobaki Begini

Darasani walimwita Filimbi, kwa sababu hata siku ya mtihani wa takwimu aliivaa shingoni, filimbi ya chuma yenye alama za meno. Alikuwa na miaka arobaini na tisa, na wenzake wa benchi moja wangeweza kuwa wanawe. Miaka ishirini na mitatu alikuwa amefundisha riadha shuleni, kwa macho na kwa sauti. Kisha shule ikataka makocha wenye shahada. Akajaza fomu, akanunua madaftari, akaanza mwaka wa kwanza wa sayansi ya michezo akijua kabisa kwamba atachekwa.

Alichekwa, lakini kwa upendo. "Filimbi, usije ukaipuliza humu maktaba," walimwambia. "Tutatoka mbio na vitabu vya watu."

Alhamisi moja asubuhi waliingia maabara. Madirisha yalikuwa yamefungwa, hita mbili zinanguruma pembeni, na katikati ya chumba ilisimama mashine ya kukimbilia. Mhadhiri, mwanamke ambaye bado hajafika miaka thelathini na tano, alieleza kazi ya siku hiyo. Mtu mmoja atatembea kwa kasi dakika arobaini na tano kwenye joto lile, bila maji. Atapimwa uzito kabla na baada, na mapigo ya moyo yataandikwa kila dakika tano.

"Nani anajitolea?"

Vijana wakaanza kukagua viatu vyao.

"Mimi," akasema Filimbi. "Hayo ndiyo maisha yangu."

"Fomu ya daktari?"

"Unayo, Mwalimu. Kasema nina moyo wa punda."

Akapanda mizani akiwa na kaptura tu, huku kidato kizima, kama alivyopenda kuwaita, kikimpigia miluzi. Kilo sabini na nne na gramu mia sita. Mashine ikawashwa.

Mwanzoni alitembea na kuhadithia. "Wanariadha wangu hawakugusa maji mpaka kazi iishe. Maji ya njiani yanalegeza miguu. Kocha wangu alinifundisha hivyo, naye alifundishwa hivyo na wake."

"Na mlishinda?" akauliza binti mwenye miwani aliyekuwa akiandika mapigo.

"Kabati la makombe halifungi."

Dakika ya kumi, mapigo mia moja kumi na nane. Dakika ya ishirini na tano, mia moja thelathini na moja. Hadithi zikamwishia. Dakika ya arobaini, mia moja arobaini na saba, na ulimi umemganda kinywani.

"Mmeongeza kasi?" akauliza.

"Hatujagusa kitu," binti akasema. "Kasi ni ileile."

Aliposhuka wakamfuta jasho, wakampima tena. Kilo moja na gramu mia mbili hazikuwepo.

"Hayo ni maji," mhadhiri akasema. "Yamepungua kwenye damu, kwa hiyo kila pigo linasukuma kidogo, na moyo unapiga mara nyingi zaidi kwa kazi ileile. Huyu tumemsimamisha mapema. Mtu akiendelea hivi juani, kichwa kinavurugika, anapepesuka, anaanguka. Na anayetazama kwa nje hudhani ni uvivu."

Wakampa chupa ya maji. Akaishika tu.

Akilini alikuwa akimwona mpwa wake, binti wa dada yake, akiwa na miaka kumi na saba, kwenye mbio za mizunguko ishirini na mitano. Jua lilikuwa la saa nane. Kabla ya mbio alimwambia, "Mjomba, maji kidogo tu," naye akamjibu, "Ukimaliza." Chupa ilikuwa begini mwa Filimbi. Mzunguko wa kumi na tisa binti huyo, aliyekuwa akiongoza, akaanza kuyumba, kama mtu anayepapasa mlango gizani, akaanguka. Filimbi akamsimamia kichwani, akapuliza. "Inuka!" Kisha akawageukia watu, na dada yake akiwa kati yao, akasema kwa sauti ya kusikika: "Anajifanya huyu."

Mpwa wake hakukimbia tena. Hawakugombana. Kwa miaka tisa, kila alipoingia nyumbani kwa dada yake, binti alimwamkia vizuri, kisha akaondoka sebuleni.

Angeweza kunyamaza, kwa kuwa hakuna mwingine aliyejua habari ya chupa. Ijumaa nzima alijaribu kunyamaza, ikamshinda. Jumamosi alikwenda kwenye kibanda ambako mpwa wake alishona sare za shule.

"Shikamoo, Mjomba. Umeleta suruali?"

"Marahaba. Nimeleta karatasi."

Akaitandaza juu ya kitambaa, ikionyesha mstari wa mapigo ukipanda. Akaanza kueleza damu, jasho, joto la mwili, akikazana kama anayetafuta alama.

"Mjomba," mpwa wake akamkata, "ongea na mimi. Usinisomee."

Akaiacha karatasi. "Hukujifanya. Uliniomba maji nikakunyima, na chupa ilikuwa begini mwangu. Mimi ndiye niliyekuangusha."

Cherehani ikanyamaza. Binti akaufuata ule mstari kwa kidole mpaka mwisho.

"Mimi nilipungua kilo ngapi?"

"Sijui. Sikukupima. Sikujua kama kuna cha kupima."

"Unajua," akasema taratibu, "kuna siku nilikuwa naamka nikijiuliza, au kweli nilijifanya? Ukiambiwa sana kitu, unaanza kujishuku mwenyewe."

"Nisamehe, mwanangu."

 Binti akakata uzi kwa meno, akakunja kola aliyokuwa akiishona.

"Mimi umeniambia, sawa. Lakini siku ile ulisema mbele ya mama. Mpaka leo akinitambulisha kwa wageni anasema kipaji nilikuwa nacho, uvivu ndio ulioniponza."

Filimbi akatazama saa, kisha akaona haya kwa kuitazama. "Twende."

"Sasa hivi? Nina sare kumi na mbili za watu hapa."

"Nikilala na hili, kesho nitapata sababu ya kutokwenda."

Binti akafunika cherehani. Mlangoni akasimama, akamnyooshea kidole shingoni. "Hiyo iache hapa."

Akaivua filimbi, akaiweka kando ya kopo la pini.

Walimkuta dada yake akipiga pasi sebuleni. "Leo mmeongozana? Kuna msiba?"

"Hakuna, Dada. Zima pasi kwanza," Filimbi akasema. Sauti ilimtoka ndogo, ya mwanafunzi. "Ni habari ya siku ile uwanjani."

Mpwa wake alikuwa bado amesimama mlangoni. Akamwamkia mama yake, akavuta kiti, akakaa.