Unga Mweupe kwa Mbwa wa Iringa

Kukausha chakula cha mbwa najua, na wala sioni haya kujisifu. Nilipoanza, majirani zangu wa Ilomba, Mbeya, waliniona natandaza vipande vya ugali kwenye nyavu nyuma ya nyumba, wakasema nimekosa kazi. Walinyamaza pale mbwa wangu wawili walipoanza kung'aa manyoya kama viatu vya siku ya kufungua shule.

Kanuni zangu ni chache na sibishani na mtu juu yake. Unga ni dona, wa mahindi yasiyokobolewa. Maini yanachemshwa kidogo tu, na supu yake ndiyo inayopikia ugali. Ndani yake naweka maini yaliyosagwa, dagaa wa unga, karoti, na maganda ya mayai yaliyotwangwa mpaka yakawa vumbi. Chakula nakitandaza chembamba, kikauke taratibu penye upepo, na miezi ya ukungu nakimalizia juu ya jiko lililobaki majivu ya moto. Moto mkali unakausha upesi, lakini unaondoka na uzuri wote. Mafuta ya alizeti nayatia mwisho, chakula kikishapoa.

Oda yangu ya kwanza ya mbali ilitoka Iringa, kwa mama mmoja mjane, Mhindu, mwenye duka la vitambaa nilikokuwa nikinunua enzi naishi Kihesa, hukohuko Iringa. Nyumbani kwake nyama haipikwi. Marehemu mumewe alimwachia mbwa, na yule mbwa alikuwa akiishi kwa chapati na maziwa, mbavu nje nje. Chakula kikavu kingemfaa, alisema, maana mlinzi angempakulia uani bila kugusa vyombo vya jikoni.

"Akikonda zaidi, mdogo wangu wa Dodoma atakuja kumchukua," aliniambia kwa simu. "Mimi simtaki aende. Ndiye sauti iliyobaki humu ndani."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi, kazi amempa mjuzi mwenyewe.

Sasa kwetu huku mgeni hapikiwi dona. Mgeni anapikiwa sembe nyeupe, na ukimwekea ugali wa kahawia mezani utasemwa mtaa mzima. Kwa hiyo, kwa ajili ya mama wa watu, nikapeleka mahindi mashineni yakakobolewa mara mbili. Supu ya maini niliona inachafua rangi, nikaiweka kando. Vipande nikavikausha kwa moto wa kutosha mpaka vikawa rangi ya dhahabu, vikalia vikivunjwa. Vilipendeza hata mimi nikaonja kimoja, kisha nikavituma Iringa kwa basi. Pumba na supu nikawapa mbwa wangu, vitu visiharibike.

Baada ya mwezi mama akapiga simu. Mbwa anakula anamaliza, lakini manyoya yanadondoka, na siku nzima amelala. Mdogo wake ameshapanga safari. Nilikasirika, na kwanza nikamshuku mlinzi kwamba anakipeleka chakula kwake kulisha kuku. Nilitoka nje nimefura, nikakutana na mbwa wangu wamejinyoosha uani, wanene, wanang'aa. Nikawatazama. Mwezi mzima walikuwa wanakula kile nilichoona hakifai kwa mgeni.

Niliona aibu, tena si ndogo.

Nikapika upya, kwa kanuni zangu zote, nikapanda basi mwenyewe mpaka Iringa na ndoo yenye mfuniko wa kubana. Mama aliifungua ndoo, akachungulia.

"Mbona hiki cheusi? Kile cha kwanza kilikuwa kizuri."

"Shikamoo mama. Kile nilikosea. Nilikitengeneza kama cha mgeni, uzuri wote ukabaki Mbeya. Pumba na supu waliokula ni mbwa wangu."

Mama akaifunika ndoo.

"Kwa hiyo mimi umeniletea heshima," akasema, "na mbwa wako ukawapa chakula."

Nikamwomba amwambie mdogo wake asubiri wiki sita. Akampigia palepale, nikiwa nimesimama.

Wiki ya sita ilipofika, simu yangu iliita asubuhi nikiwa nasaga dagaa. Nilipokea, nikasikia mbwa anabweka kwa kifua kizima, na nyuma yake mwanamume anapiga kelele aitwe mlinzi.

"Mdogo wangu amefika," mama akasema. "Yumo ndani ya gari tangu saa moja. Kushuka hathubutu."

"Sasa atamchukuaje, mama?"

"Hamchukui. Nimempelekea chai dirishani, anywe arudi zake Dodoma."

Alicheka, nami nikacheka naye mpaka machozi yakanitoka, mikono yote imejaa unga wa dagaa.