Ncha ya Sindano Kwenye Blanketi la Mtoto

Kosa ni langu, na simtafuti wa kulibeba pamoja nami. Ile ncha ya sindano iliyokutwa ndani ya blanketi la mtoto kule Mkunya ilitoka kwenye cherehani yangu. Nilijua, nikanyamaza, na mama wa watu akaitwa mchawi.

Mimi ni mwanamke fundi wa nguo hapa Newala. Kushona nilifundishwa Masasi, na mwalimu mmoja mkali asiyetaka mchezo na chuma. Sindano ikivunjika darasani, kazi yote ilisimama. Vipande vyote vilazwe mezani mbele yake ndipo uguse cherehani tena. Tulikuwa tunamcheka pembeni. Leo nikimkumbuka sicheki.

Biashara ya bidhaa za nje ilipofunguliwa, mitumba ikamwagika Masasi, na ndani ya yale marobota hukosi kukuta vitu vya ajabu. Ndiko nilikookota mguu wa cherehani, kile chuma kinachokandamiza kitambaa chini ya sindano, mzito, wenye meno yake wenyewe. Muuzaji hakujua hata ni kitu gani. Mimi niliujua, kwa sababu mwalimu wangu alikuwa nao. Cherehani zetu huvuta kitambaa kwa meno ya chini tu, kwa hiyo ukishona vitambaa vizito vilivyopandana, cha juu hubaki nyuma kikajikunja. Mguu huu huvuta na cha juu pia. Kisha una tundu la kupitishia kijiti cha chuma kilichopinda. Kijiti kikifuata mstari uliokwisha kushona, mstari mpya unatoka sambamba na ule wa kwanza, bila chaki wala rula.

Sikumjua fundi mwingine Newala mwenye kitu hicho. Kichwa kikavimba, siwafichi.

Baridi ilipoingia, na mnaijua baridi ya huku juu, akaja kwangu Mama Saidi. Mjane, mpole, anayeongea taratibu. Mwanawe Saidi alikuwa ameoa Mkunya na, kama desturi yetu, akahamia kwa watu wa mkewe. Huyo mke, Fatu, alikuwa ameshazika vichanga wawili. Sasa amejifungua tena, mtoto wa kike.

"Fundi, nishonee kitu cha kumfunga mjukuu wangu," Mama Saidi aliniambia. "Nyumba yao inaingiza baridi. Huyu nataka akae."

Alileta kitenge chake kipya, ambacho mwenyewe hajakivaa. Nikakitandika juu, shuka chini, katikati blanketi la mtumba, nikaanza kupiga mistari.

Sasa sikilizeni ujinga wangu. Mguu ule hautaki kuvutiwa kitambaa. Unatembea wenyewe, wewe kazi yako ni kuongoza tu. Mimi macho yalikuwa kwenye kijiti, nikichunga mstari usipinde, na mikono, kwa mazoea, ikawa inavuta kitambaa kwa nyuma. Sindano ikapinda, ikagonga chuma cha chini, ikakatika. Kipande cha juu kilibaki kwenye cherehani. Ncha sikuiona.

Nikapapasa meza. Nikafagia sakafu. Nikaliminya blanketi kona hadi kona. Dawa ilikuwa moja, kufumua na kufungua matabaka yote. Lakini ile mistari, jamani! Ilikuwa imenyooka kama ya daftari. Nikifumua, matundu yatabaki kwenye kitenge na kila mtu atayaona. Nikajidanganya kwamba ncha imerukia nje. Nikaweka sindano nyingine, nikamaliza kazi. Mama Saidi alipolipokea blanketi alilibusu.

Hofu ilinianza siku ileile. Nikisikia mtoto yeyote analia mtaani, nasimamisha cherehani nisikilize. Mwishowe nikashika njia ya Mkunya, nikajifanya nina ndugu wa kumsalimia.

Niliwakuta barazani, Mama Saidi, aliyekuja kukaa nao amlee mjukuu, amempakata mtoto ndani ya blanketi, Fatu anamenya mihogo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, fundi. Karibu umwone mwenye blanketi lake."

Nikakaa, nikapitisha kiganja juu ya kila mstari, najifanya nambembeleza mtoto. Fatu akacheka. "Fundi anaipenda kazi yake kuliko mwanangu."

Kiganja hakikukuta ncha yoyote. Nilitaka kuwaambia, nipeni nikalifumue, nitalishona upya. Sikuwaambia, nikaaga.

Haukupita muda, mtoto akaanza kulia kila akilazwa. Fatu akamgeuza, akaona damu mgongoni. Dada mkubwa wa Fatu akalichukua blanketi, akaliminyaminya mpaka ncha ikamchoma yeye mwenyewe. Akapiga yowe, ukoo mzima ukajaa uani. Chuma kwenye nguo ya kichanga, kwenye nyumba iliyokwisha kuzika wawili! Nguo kaileta nani? Mama Saidi. Basi na wale wawili wa mwanzo wakasema ni yeye aliyewala.

Habari zilinikuta kwenye cherehani. Kile kipande cha juu nilikuwa nacho bado, nimekichomeka kwenye kijimto changu cha kuchomekea sindano. Vipande viwili vikikutanishwa, hata asiyejua kushona ataona ni sindano moja. Kilitosha kumwokoa yule mama. Nikakichomoa, nikaenda nacho chooni, nikakitumbukiza. Niliogopa wasije wakasema mchawi ni mimi. Hilo tu ndilo lililokuwa kichwani mwangu, sina la kujitetea.

Kisha nikasikia wameita mganga. Mama Saidi atanyolewa nywele mbele ya watu na kunyweshwa dawa, uchawi umtoke. Hapo nilikimbia, kanga inaniponyoka njiani. Nilimkuta ameketi chini katikati ya uwanja, kichwa wazi, mganga ameshika wembe. Saidi alisimama kando, anatazama miguu yake.

"Mwacheni," nikasema. "Sindano ni yangu. Ilinivunjikia nikishona."

Dada yake Fatu akanisogelea, ile ncha anayo mkononi.

"Kipande chake kingine kiko wapi?"

"Nilikitupa."

"Ulikitupa." Akawageukia watu. "Mmesikia? Kaja kumkomboa mchawi mwenzake. Angalia sana, fundi, tukimaliza na huyu tusije tukakukalisha na wewe hapo."

Ningeweza kuwataka waje nyumbani waone cherehani na sindano zangu za aina ileile. Ningeweza hata kumkumbatia yule mama wasimguse. Nilirudi nyuma, nikajichanganya na watazamaji, nikajifunika kanga usoni. Wembe ukapita. Mama Saidi hakulia, alikuwa anatazama upande niliokuwa nimesimama.

Mtoto alipona, kidonda kilikuwa kidogo. Mama Saidi alihamia kwa binti yake kule Nanganga, na hakuruhusiwa kumpakata mjukuu tena. Mimi wateja walinikimbia mmoja mmoja. Mguu ule nimeuviringisha kwenye kitambaa, siugusi. Nikiukumbuka tu nausikia ule mlio wa sindano kukatika.

Baadaye sana nilipata moyo wa kwenda Nanganga kumwomba radhi. Alinikaribisha, akanipa maji ya kunywa. Nywele zilikuwa zimeota. Nikapiga magoti, nikamweleza yote, mpaka kile kipande nilichokitupa chooni.

"Siku ile nilikuamini," alisema. "Pale uwanjani palikuwa na mtu mmoja aliyekuamini, na ni mimi. Nikakuangalia unavyorudi nyuma."

Kisha akachukua kikombe cha maji, akaingia nacho ndani.

Wenzangu mnaoshona, sindano ikikuvunjikia, simama. Tafuta kila kipande, na ukikosa kimoja, fumua kazi yote hata kama kitambaa kitaharibika na mwenyewe atakutukana. Ukiwa umenyamaza na bado unacho cha kumwokoa mtu, usikitupe. Na siku ukipata ujasiri wa kusema mbele ya watu, baki pale pale uliposimama.