Herufi Mbili za Enoch Sugden

Enoch Sugden alichonga maandishi ya makaburi ya Elland kwa miaka hamsini na mmoja, na kuna neno alilowanyima nusu ya wajane wa mji huu: untimely. Maana yake ni kabla ya wakati, au wakati usiofaa. Ni Kiingereza cha kale. Time ni wakati, ly hulifanya kivumishi, na herufi mbili za mwanzo, un, ndizo zinazokanusha. Nilijifunza hayo kwenye kamusi ya maktaba ya wafanyakazi, kabla hawajaigeuza kuwa baa. Watu hulitumia kwa theluji ya Mei, kwa mzaha uliotolewa msibani, na zaidi kwa kifo. Sisi wachongaji tuliliwekea mpaka: aliyevuka sabini halipati.

"Mama, mumeo alikuwa na themanini na nne," Enoch alimwambia mjane mmoja mbele yangu. "Kifo kimemuwahi vipi, alikuwa bado anasubiri basi?"

Kisha akafa Hilda, mkewe, ana themanini na mmoja. Karakana yetu ilishanunua mashine ya kuchonga, inayomaliza jiwe zima wakati wewe unakunywa chai. Enoch akaapa haitamgusa Hilda. Akaniita bandani kwake.

"Nalichonga lile neno."

"Kwa themanini na mmoja? Si wewe uliyekuwa ukiwacheka wajane?"

"Nyamaza, bwana. Walikuwa sawa wale akina mama. Wote."

Macho yake yalikuwa yamekwisha. Zamani tulipanga herufi kwa penseli, na mwenzako akazisoma kwa sauti kabla patasi haijagusa jiwe. Siku ile mguu uliniuma, nikaenda nyumbani bila kumsomea.

Jumatatu nikamkuta amemaliza.

"Haya, nisomee."

Nikasoma jina, miaka, kisha lile neno.

"Anzia mwanzo wake."

"Ndio mwanzo wake, Enoch. Timely."

Akapapasa kwa vidole. Neno lilianzia ukingoni kabisa, bila un. Hapakuwa na nafasi hata ya herufi moja. Jiwe lilisema Hilda amekufa kwa wakati wake. Kulifuta ni kuuchonga upya uso mzima, na mikono ile haikuweza tena.

"Wapelekee wenye mashine," akasema, akaketi.

Mashine ilisaga yote, hata jina alilolichonga vizuri, ikaandika upya bila kosa. Enoch hajaenda kuliona. Ukimwuliza, anasema mkewe bado hana jiwe.