Wifi Yangu na Kaa wa Ukurasa wa Tisa

Ukitaka kuiona sura yangu, fungua vitabu vya kusoma vya madarasa ya chini. Yule mchawi mwenye pua ndefu ni mimi. Mwizi wa kuku ni mimi. Yupo pia punda mmoja ambaye nikimtazama sana napata wasiwasi. Yote hayo ni kazi ya wifi yangu, mke wa kaka yangu, ambaye hawezi kuchora mtu bila kumtazama mtu, na kwa kuwa tunakaa nyumba moja, mtu mwenyewe ndiye mimi. "Wifi, hebu kunja uso kama umeonewa," ataniambia nimeshika ufagio. Nakunja. Nalalamika wiki nzima, lakini nakunja.

Alianza kwa kuchora vichwa kwenye vibao vya vinyozi. Kutoka hapo akaingia gazeti la watoto, kona ya mafumbo, na mwisho nyumba ya kuchapisha vitabu vya shule. Kaka alipotangaza kwamba anamwoa, mashangazi zetu walibinua midomo: mwanamke gani huyo, vidole vyeusi kwa wino, ataosha vyombo na nini? Leo wajukuu wao wote wamejifunza kusoma kwa picha zake. Kuomba radhi? Thubutu!

Anachorea kwenye meza ya chakula, sisi tunakula sahani zikiwa mapajani. Siku moja alipewa kuchora fundi cherehani, akaenda kushinda kwa fundi kutwa nzima. Nikamwambia, "Mwenzangu, cherehani ni cherehani." Akanijibu, "Mtoto wa fundi akiona uzi umepita pasipo pake, hataamini tena hata maneno." Mtu akiipenda kazi yake hivyo, utamwambia nini?

Sasa huko ofisini walikuwa na mtindo wao. Hawakumpa mchoraji hadithi nzima. Walimkatia sentensi moja moja, hii ichoree, na hii ichoree, eti ndiyo kazi inakwenda haraka. Ukurasa wa tisa ulikuja na sentensi hii: *Mama alibeba kaa kwenye kigae.* Wifi akafurahi kweli. Hakujiuliza ni nani duniani anayebeba kaa kwenye kigae. Alikwenda sokoni, akanunua kaa mzima mzima, akamweka kwenye beseni jikoni, na mimi nikasimamishwa nimeshika kigae huku yule mdudu ananitolea magando. Picha ikatoka nzuri ajabu: mama kanyoosha mikono mbali na mwili, kaa kainua gando, unaogopa hata kugusa ukurasa.

Kumbe hadithi ni ya nyumba iliyozimikiwa na moto, na mama amekwenda kwa jirani kuomba kaa la moto! Nakala za majaribio zilipofika shuleni, darasa zima lilivunjika mbavu. Mtoto mmoja alimwuliza mwalimu mama yule atawashaje jiko kwa kitu chenye miguu.

Tulipoitwa ofisini tulikwenda wote wawili. Mhariri mkuu ni mzee mpole, asiyependa kelele, na hakugomba. Heri angegomba. Alisema vitabu vitano vya mfululizo ule vilikuwa bado, na anafikiria kumpa mchoraji mwingine. Wifi hakutafuta wa kumlaumu. "Sentensi ilikuwa na njia mbili, nami sikuuliza," akasema. "Kosa langu. Niachie niichore upya." Mimi ulimi uliniwasha, nilitaka kumweleza yule mzee habari za kukatakata hadithi kama nyama buchani, lakini wifi alinikanyaga mguu chini ya meza.

"Dada, kitabu hakina rangi," mhariri akasema. "Kaa la moto kwa wino mweusi litaonekana jiwe. Lakini haya, ichore. Nitaipeleka kwa darasa lisiloijua hadithi, maneno yamefunikwa. Watoto wakiuona moto, vitabu vyote vitano ni vyako. Wasipouona, tumemalizana kwa amani."

Tumemalizana! Kwa mwanamke aliyeifanya kazi hiyo tangu nywele zake zikiwa nyeusi! Nilitoka pale mbio kwa hasira, na yeye ananiomba nitembee taratibu kidogo, anafikiria.

Tulifunga mapazia ya jikoni mchana kweupe. Akaniwekea kaa kwenye kigae, safari hii la moto kweli, akaniambia nilikinge kwa kiganja. Nikaungua kidole, nikamtolea maneno, akacheka bila kuacha kuchora. Ndipo nikaona alichokuwa akifanya. Hakuchora moto hata kidogo. Alichora giza, mstari juu ya mstari, giza la ukutani, giza la nguo, giza la shingoni mwangu, akilipunguza kadiri anavyokaribia kigae, na pale kwenye kaa lenyewe hakugusa kabisa. Aliacha karatasi tupu. Aliirudia picha ile mara nyingi mpaka kidole gumba kikamvimba, na jamani, sijapata kumheshimu mtu kama nilivyomheshimu yeye siku ile.

Darasani tulikaa nyuma kwenye viti vya watoto, magoti yamegusa kidevu. Mhariri alisimama mlangoni. Mwalimu akainua ukurasa, maneno kayafunika kwa kiganja.

"Mama amebeba nini?"

Shingo zikanyooshwa.

"Yai," akasema mmoja.

Mhariri akashusha macho.

"Mkate," akasema mwingine.

Wifi alinishika mkono akaubana, nami nikaubana wake.

Msichana wa dawati la mbele hakujibu kitu. Aliinuka, akaisogelea picha, akaitazama amekunja uso kama mtu anayeona wakubwa wamezubaa. Kisha akajaza mashavu, akapuliza.

"Linazimika, mwalimu," akasema, akapuliza tena.